Waya si waya tu: jinsi kadi ya grafiki ilivyosimama, ikalala, ikasimama tena

Wadau, leo nimekuja kulipa deni.

Mwaka jana niliandika hapa, kwa ujasiri wa mtu asiyejua asichokijua, kwamba ukitaka kuisimamisha kadi ya grafiki nyuma ya kioo cha kasha lako, usipoteze pesa kwa raiza ya bei ghali. Raiza, kwa wageni, ni ule waya mpana unaoanzia kwenye sloti ya bodi kuu na kuishia kwenye sloti nyingine unakotaka wewe, ili kadi ikae mahali ambapo bodi haikupanga. "Waya ni waya," nikasema. "Ikiwa kuna shaba ndani, umeme utapita." Posti ile ilipendwa sana, labda kuliko zote nilizoandika mwaka ule.

Mmoja wa walioisoma ni kijana anayetengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Wasanifu wa majengo humlipa kwa kila picha. Alijinyima miezi mingi akanunua RTX 3060 ya mitumba, kisha, kwa ushauri wangu, akanunua raiza ya bei ya chini kabisa aliyoipata mjini. Kadi ikasimama, ikapendeza. Wiki haikuisha, skrini ikaanza kuwa nyeusi katikati ya kazi. Akabadilisha pawa saplai. Akafuta Windows akaiweka upya. Mteja mmoja akachoka kungoja, akaenda kwa mwingine. Mwishowe akaamini kwamba ameuziwa kadi mbovu, akaiuza kama mbovu, nusu ya bei aliyonunulia. Aliyeichukua aliichomeka moja kwa moja kwenye bodi yake na mpaka leo inachapa kazi.

Kijana yule aliniandikia. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu: "Kaka, kama waya ni waya, shida ilikuwa wapi?"

Nimelitafuta jibu, na nimelipata kwenye historia. Kitu kilichonishangaza ni kwamba ile sentensi yangu haikuwa uongo tangu mwanzo. Iliwahi kuwa kweli, tena kwa miaka mingi. Mimi niliichukua kweli ya zamani nikaiuza kama mpya. Hebu tuifuate tangu ilipoanzia.

Ilizaliwa imesimama

Tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilizindua kompyuta yake ya kibinafsi, ile modeli 5150 iliyotengenezwa na kikosi kidogo huko Boca Raton, Florida. Kasha lake lilikuwa limelala mezani kama sanduku la nguo, na monita ikawekwa juu yake. Ndani, bodi kuu ilikuwa imelala chali, sloti zake tano zikitazama juu. Kompyuta ile haikuweza kuonyesha chochote kwenye monita bila kadi, na kadi yenyewe uliichomeka kutoka juu. Ilisimama wima kama kitabu kwenye rafu, na uzito wake ukashuka moja kwa moja hadi kwenye sloti.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kusimamisha kadi ni fasheni ya vijana wa taa za rangi, mwambie apunguze dharau. Kadi za kwanza kabisa za kompyuta hizi zilikuwa zimesimama. Kilichokuja baadaye ni kuzilaza.

Aprili 1987, IBM hiyo hiyo ilitoa familia ya PS/2, na ndani yake mlikuwa na Model 60 na Model 80, mashine ndefu za kusimama sakafuni. Meza ilipata nafasi, watu wakafurahi. Lakini fikiria kilichotokea ndani. Ukilichukua lile sanduku lililolala ukalisimamisha kwa ubavu, bodi iliyokuwa imelala inasimama, na kadi zilizokuwa zimesimama zinalala. Intel ilipoleta mpangilio wa ATX mwaka 1995, kasha la mnara lilikuwa limeshazoeleka, na ndilo lile ambalo Wakenya wengi tulikua tukiliita "CPU", ingawa CPU ni kipande kimoja tu ndani yake.

Kadi ikawa inashikwa na skrubu upande wa nyuma na sloti upande wa chini. Ncha ya mbele ikaning'inia hewani. Hakuna aliyejali, kwa sababu kadi za wakati huo zilikuwa nyepesi kama daftari.

Raiza ilikuja kwa sababu ya ofisi, si kwa sababu ya urembo

Wakati mnara unapanda, kulikuwa na watu waliotaka kinyume chake. Ofisi zilitaka kompyuta ya kulala mezani, ila iwe nyembamba. Sasa, kadi iliyosimama inahitaji kasha lenye kimo. Utafanyaje?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Western Digital ilitumia mpangilio uliokuja kuitwa LPX. Katikati ya bodi kuu kuna sloti moja maalum. Ndani yake unasimamisha kibodi kidogo, na kibodi hicho kina sloti zake ubavuni. Kadi zinachomekwa kwa ubavu na kulala sambamba na bodi kuu. Kile kibodi ndicho raiza. Kama umewahi kufungua moja ya zile kompyuta bapa za mitumba zilizojaa saiba zetu, zikiwa zimebebeshwa monita zito la kioo, huenda ulikiona na hukujua jina lake.

Na zilifanya kazi bila matata. Hapa ndipo sentensi yangu ilikuwa kweli. Sloti ya kompyuta ya kwanza ya IBM ilikuwa na pini 62 na ilikwenda kwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. PCI, iliyotoka Intel mwaka 1992, ilikwenda kwa mapigo milioni 33. Kwetu sisi ni kasi kubwa, lakini kwa waya ni mwendo wa kutembea. Ukiongeza sentimita kadhaa za shaba hapo katikati, mambo yanakwenda. Waya ulikuwa waya.

Seva nazo zilikuwa na shida kama ile. Seva nyembamba kabisa ya kuingia kwenye fremu ina unene wa inchi 1.75, yaani kama milimita 44. Kadi ya kawaida haiwezi kusimama humo, kwa hiyo inalazwa kwa raiza, hadi leo. Raiza ilikuwa kifaa cha mafundi. Hakuna aliyeipiga picha.

Ngoma ng'ambo ya bonde

Mwaka 2003 vilitoka vipimo vya kwanza vya PCI Express vilivyokamilika, na mwaka uliofuata bodi zake zikaingia madukani. Humu mambo yakabadilika kabisa. Badala ya nyaya nyingi zinazotembea pamoja polepole, ziliwekwa njia zinazokimbia kila moja kivyake. Sloti kubwa ya kadi ya grafiki ina njia 16. Kila njia ina jozi mbili za nyaya, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Piga hesabu: nyaya 64 za data peke yake, katika sloti yenye pini 164.

Toleo la kwanza lilipitisha ishara bilioni 2.5 kwa sekunde kwa kila njia. La pili, mwaka 2007, bilioni 5. La tatu, mwaka 2010, bilioni 8. La nne, mwaka 2017, bilioni 16. Linganisha bilioni 16 na yale mapigo milioni 4.77 ya mwaka 1981. Ni zaidi ya mara elfu tatu, na hiyo ni kwa njia moja tu kati ya 16.

Kwa nini kasi iuharibu waya? Fikiria mtu anapiga ngoma ng'ambo ya bonde. Akipiga polepole, unasikia pigo, unasikia mwangwi wake, kisha kimya, kisha pigo lingine. Unaweza kuhesabu. Akianza kupiga kwa kasi, mwangwi wa pigo la kwanza unalikuta pigo la tano njiani. Masikio yanachanganyikiwa. Ndani ya waya ni hivyo hivyo. Kila mahali ishara inapokutana na kiungo, mkunjo mbaya au sloti ya ziada, sehemu yake inarudi nyuma kama mwangwi, na nyaya zilizobanana bila kinga zinavujishiana kelele. Raiza nzuri inazifunika jozi zake, kila moja na ngao yake. Raiza mbovu ni utepe mtupu. Kwa macho zinafanana kabisa, maana zote zina plastiki nyeusi juu.

Wachimbaji walitufundisha vibaya

Walioifanya raiza ijulikane mtaani ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Ethereum ilianza mwaka 2015, na bei ilipopanda watu walijenga fremu za mbao na za chuma wakapanga kadi sita, nane, kumi na mbili. Bodi kuu haina nafasi hiyo, kwa hiyo walitumia raiza za njia moja: kibodi kidogo kwenye sloti, waya wa aina ya USB 3.0, kisha kibodi kingine kinachobeba kadi.

Uchimbaji ule haukuhitaji data nyingi kati ya kadi na bodi, kwa hiyo njia moja ilitosha na waya wa bei rahisi ulivumilika. Kizazi kizima kikajifunza kwamba raiza ni kitu cha kuokota tu. Mimi ni mmoja wao. Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, fremu zilivunjwa lakini mazoea yalibaki.

Hata hapo kulikuwa na onyo ambalo wengi hawakulisikia. Sloti ya PCI Express inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75. Raiza nyingi za wachimbaji zililishwa umeme kupitia kiunganishi cha SATA, ambacho upande wake wa volti 12 umepimwa kubeba wati 54 tu. Kadi ikidai zaidi ya hapo, plastiki inaanza kuyeyuka. Raiza haipitishi picha pekee. Inapitisha moto pia.

Kioo, uzito, na kasha lililowaka

Wakati huo huo, kadi zilikuwa zinanenepa. GeForce 256 ya mwaka 1999 ilikuwa na feni moja ndogo. Miaka minne baadaye GeForce FX 5800 Ultra ilikuja na kipoza joto kilichomeza sloti mbili na kelele iliyochekwa dunia nzima. RTX 4090 ya Nvidia yenyewe, mwaka 2022, ilikuwa na unene wa sloti tatu na uzito wa zaidi ya kilo 2. Ile ncha iliyoachwa ikining'inia tangu 1987 ikaanza kuinama.

Watengenezaji wa makasha walijaribu njia mbili. SilverStone, katika Raven yao ya kwanza, waliizungusha bodi yote nyuzi 90 ili kadi zining'inie wima, bila raiza yoyote. Thermaltake, katika Core P5 ya mwaka 2015, waliiacha bodi ilivyo wakaisimamisha kadi pembeni yake kwa raiza, uso wake ukimtazama mtu. Makasha ya kioo yalipoenea miaka hiyo, njia ya pili ndiyo iliyoshinda. Sababu ni rahisi: ukinunua kadi ya bei ya pikipiki, unataka feni zake zionekane.

Ila makasha mengi yaliibandika kadi karibu sana na kioo, na feni zikabaki zinavuta hewa ambayo haipo. Nafuu ya uzito ikalipwa kwa joto.

Halafu likaja lile la NZXT. Kasha lao dogo, H1, lilitoka Februari 2020 likiwa na raiza ndani. Skrubu ya chuma iliyoishika bodi ya raiza ilipita karibu mno na shaba ya volti 12. Skrubu ikigusa shaba hiyo, umeme unapita njia ya mkato, na bodi inaweza kushika moto. Novemba mwaka huo mauzo yalisimamishwa, na dawa ya kwanza ilikuwa kuwatumia wateja skrubu za nailoni. Steve Burke wa Gamers Nexus alipinga hadharani, akaonyesha bodi ikiwaka, akasema kosa liko kwenye bodi: siku mtu mwingine atakapoweka skrubu ya chuma, hatari inarudi. Februari 2021 makasha yapatayo 32,000 yaliitwa yarudishwe Marekani, baada ya ripoti 11 za bodi kupata joto kupita kiasi au kuwaka. Hakuna aliyeripotiwa kuumia, na raiza zikabadilishwa.

Ninamheshimu Burke kwa jambo moja hasa. Hakukubali jibu linaloifunika shida leo tu na kumwachia mtu wa kesho.

Jibu la swali lake

Julai 2019, AMD ilileta Ryzen 3000 na bodi za X570, na PCI Express ya toleo la nne ikaingia kwenye kompyuta za nyumbani kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo, raiza zilizotengenezwa kwa toleo la tatu zikawa mtego. Bodi mpya na kadi mpya zikikutana, zinaulizana: wewe unaweza kasi gani? Bilioni 16. Na mimi pia. Haya, twende. Hakuna anayemuuliza waya.

Waya unajitahidi. Ishara chache zinaharibika, mfumo unazituma tena, wewe huoni kitu. Kadi ikipata kazi nzito, makosa yanaongezeka, na mwisho mawasiliano yanakatika. Skrini nyeusi.

Nilimwomba kijana yule anitumie raiza yake. Niliichomeka kwenye mashine yangu, bodi ya toleo la nne na kadi ya toleo la nne. Skrini nyeusi ndani ya saa moja. Nikaingia BIOS, nikatafuta kasi ya sloti ya kwanza, nikaitoa kwenye "Auto" nikaweka "Gen 3". Nikaiachia kazi ya kuchora picha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa inaendelea, haijakohoa hata mara moja.

Dakika mbili ndani ya BIOS. Hicho ndicho kilichosimama kati yake na kadi aliyoiuza nusu bei. Na kwa kadi yake yenye njia zote 16, kushuka hadi toleo la tatu kungempunguzia kasi kidogo sana, pengine asingeona.

Maoni yangu sasa

Sitawaambia msisimamishe kadi. Historia iko upande wenu: kadi ilizaliwa imesimama, na kwa uzito wa kadi za leo kusimama kuna maana. Ninachosema ni kwamba raiza ni sehemu ya bodi iliyotolewa nje. Ichagueni kama mnavyochagua bodi.

Tazama toleo lililoandikwa kwenye raiza kabla ya kutazama rangi. Likiwa dogo kuliko la kadi na bodi, ishushe kasi ya sloti kwenye BIOS kabla hujaihamisha kadi, maana ukishaihamisha huenda usipate picha ya kukuongoza. Kadi yako ikiwa na njia chache, kama RTX 4060 yenye nane au RX 6500 XT yenye nne, kushusha kutauma zaidi, kwa hiyo raiza bora inalipa. Acha nafasi kati ya feni na kioo. Usiukunje waya kama karatasi. Na mashine ikianza kuzima, chomoa raiza, ichomeke kadi moja kwa moja kwenye bodi, ujaribu. Fanya hivyo kabla hujauza chochote.

Halafu msiniamini milele. Januari 2025, Nvidia ilileta RTX 5090 ya toleo la tano, bilioni 32 kwa kila njia, na hata raiza nzuri za toleo la nne sasa ndizo zinazoachwa nyuma. Tena katika Founders Edition ya kadi hiyo, sehemu inayoingia kwenye sloti ni kibodi cha peke yake kilichounganishwa na bodi ya kadi. Yaani raiza imehamia ndani ya kadi. Haya niliyoandika leo nayo yatazeeka, kama ilivyozeeka "waya ni waya".

Ile posti ya zamani sijaifuta. Nimeweka juu yake maneno haya: nilikosea, soma hapa kwanza. Kijana yule ananunua kadi nyingine mwezi ujao, na nimemwambia raiza yake naigharamia mimi, safari hii ya toleo linalofaa. Amejibu kwamba ataichomeka kwenye bodi moja kwa moja, asante, mambo ya kusimamisha ameniachia mimi.

Simlaumu.